Mlango wa Nyuma wa Gari la Deraya

Kazi yangu ni kuharibu magari. Nikisema hivyo watu hucheka. Mama yangu, ambaye maisha yake yote amelima uwele na karanga huko Mvumi, ilimchukua muda kuelewa kwamba binti aliyemsomesha kompyuta kwa jasho lake analipwa mshahara kwa ajili ya magari ambayo hayapo. Tunatengeneza gemu la vita. Wachezaji wanagawanyika makundi mawili, wanapigana kijiji hadi kijiji, na kuna magari ya kupanda. Mwenzetu mmoja anachora nyumba na vilima, mwingine anashughulikia bunduki. Mimi nilipewa magari: roketi ikilipiga hapa linakuwaje, ikilipiga pale linakuwaje, lini linaanza kutoa moshi, lini linawaka, na waliomo ndani wanakufa wakati gani.

Ofisi yetu ni nyumba ya kupanga pale Kisasa. Sebule ndiyo chumba cha kazi. Kiangazi upepo ukianza, vumbi jekundu linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na kila asubuhi tunafuta skrini kabla ya kuziwasha. Kwenye meza iliyotazamana na yangu alikaa kijana wa Kondoa, mtoto wa wafanyabiashara wa mazao, mpole, mwenye desturi ya kuacha kila kitu muda wa sala ukifika hata kama nyumba inaungua. Kazi yake ilikuwa kusawazisha mchezo, yaani kuhakikisha hakuna silaha wala gari linaloshinda kila kitu, na hakuna lisilofaa kitu. Tulipatana kwa mambo yote isipokuwa magari yangu.

"Dada, hili gari lako la deraya nani atalipanda?" aliniuliza siku moja.

"Atakayejua kulitumia."

"Nimewaangalia wanaotujaribia gemu. Wanalipita hapo lilipo, wanakwenda vitani kwa miguu. Unajua kwa nini? Ukipanda, roketi moja tu ya ubavuni mmekwisha wote. Sasa huo ni mchezo gani?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo wapi?"

"Vitani, wapi kwingine?"

Akatabasamu. "Vitani mtu akifa harudi akaanza upya, dada. Hapa anarudi. Kama anarudi, basi lazima apate raha kidogo kabla hajafa."

Sikukubali. Nilitaka gari langu liwe la kweli, na nilikuwa na sababu. Kaka yangu ni mwanajeshi, dereva, na kazi yake ni kuendesha magari ya namna ile ile. Akija likizo nilikuwa namsumbua kwa maswali mpaka wifi anakasirika kwamba chakula kinapoa. Kaka alikuwa anachukua kiberiti, anakilaza mezani, anakizungusha kwa kidole. "Vya siri siwezi kukwambia," alikuwa akisema, "lakini hili hata fundi wa matrekta analijua. Chuma kinene kiko mbele. Ubavuni chembamba. Chini, hapa tumboni, ndiyo hatari yenyewe. Na nyuma kuna mlango mpana, askari wanatokea hapo." Mimi naandika kichwani kila neno. Nikirudi ofisini naongeza chuma mbele, napunguza ubavuni, natengeneza mlango wa nyuma unaofunguka kwa kushuka chini kama daraja. Nilijivunia ule mlango. Nilitumia muda mwingi kuuchora kuliko gari zima.

Kisha kaka akapangiwa kwenda kulinda amani nchi jirani.

Alitupa habari siku ya Jumapili, tumekaa kwake sote, mama ameletwa kutoka Mvumi. Alisema kama mtu anayesema anakwenda Mlali kuangalia shamba. Mama akaendelea kumwondolea mjukuu wake miiba ya samaki. Wifi alikuwa anajua tayari, macho yalionyesha. Mimi ndiye niliyeuliza swali la kijinga.

"Utaendesha lile lile?"

"Lile lile, mdogo wangu. Lile unaloliua kila siku."

Akacheka, na wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mimi sikucheka.

Watu walikuwa wanavuna uwele alipoondoka. Wiki ya kwanza nilifanya kazi kama kawaida. Wiki ya pili nilikaa mbele ya skrini, nikalipeleka gari barabarani, nikamwamuru askari wa upande wa pili alipige roketi ubavuni, kazi niliyokuwa nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lilipowaka nikashtuka kiasi cha kusukuma kiti nyuma. Nikaona aibu. Nikaangalia huku na huku kama kuna aliyeniona. Halafu nikafungua mahali penye namba za gari, nikaongeza unene wa chuma cha ubavuni. Kidogo tu. Kesho yake nikaongeza tena. Nikagusa na tumbo. Nilijua kabisa kwamba namba ninazobadilisha haziwezi kumfikia mtu yeyote, kwamba chuma cha kaka kiko huko kilivyo hata nikeshe naandika. Hata hivyo nilipoongeza namba nilipumua, na nisipoongeza kifua kinabana. Kwa hiyo niliongeza.

Mwenzangu aligundua. Alinigeuzia skrini yake bila kusema kitu. Wale wanaotujaribia gemu walikuwa wamejaa ndani ya gari langu, wanazunguka kijiji kizima, roketi zinawapiga na kudondoka, na wale wa upande wa pili wanaandika matusi.

"Dada, mwezi uliopita gari hili lilikufa kwa roketi moja," alisema. "Siku hizi halifi. Mimi nilitaka uliimarishe kidogo, wewe umeligeuza mlima. Kuna nini?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira. Hasira haikuja.

"Kaka yangu ameondoka," nikasema.

Alikuwa amekutana na kaka mara moja, kaka alipokuja kunichukua ofisini. Baadaye akasema taratibu, "Basi tufanye hivi. Namba zako ziweke kwenye nakala yako, usizifute. Hii ya watu niachie mimi niisawazishe. Ya kwako hakuna atakayeigusa."

Hivyo ndivyo nilivyopata gari langu mwenyewe lisilokufa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, nilikuwa nalifungua, nalipeleka barabarani, nalipiga kwa kila silaha tuliyonayo. Likibaki zima, naanza siku. Sikumwambia wifi, sikumwambia mama. Kaka alikuwa anapiga simu akipata mtandao, anauliza habari za mvua kana kwamba mvua hunyesha Dodoma wakati ule wa mwaka, anasema chakula kizuri, wenzake wazuri, barabara mbaya. Nikimwuliza kuhusu gari anasema, "Lipo, linakusalimu."

Habari ilikuja asubuhi, watu wanakunywa chai ofisini. Wifi alipiga simu, na alipoita "wifi" nikajua, maana alilivuta neno lile kama mtu anayelia.

"Wifi, umeona hiyo picha inayozunguka kwenye simu?"

"Picha gani?"

"Gari. Wanasema ni msafara wa kwetu. Simu yake haipatikani tangu jana. Nimekwenda kambini wameniambia nisubiri nyumbani, hawana jina la mtu yeyote bado."

Picha ilifika kabla hajakata. Nilikaa nayo. Lilikuwa gari la deraya, jeusi, limeungua, liko kando ya barabara ya udongo yenye majani marefu pembeni. Mtu mwingine angeliangalia angelia, angeiweka simu chini. Mimi nililikuza. Ndiyo kazi yangu, mikono ilijua cha kufanya kabla sijaiambia. Nikatazama ubavuni kutafuta tundu: lipo, dogo, chini kidogo ya mstari wa dirisha. Nikatazama matairi: yameyeyuka upande mmoja, upande mwingine mazima, maana yake moto ulianzia kulia. Nikatazama mfuniko wa tundu la juu: siuoni, picha imekatwa. Halafu nikatazama nyuma.

Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa.

Naandika haya leo, na bado nauona. Katika gemu letu, gari likiungua na watu wametoka, mlango unabaki umeshuka chini. Likiungua umefungwa, hakuna aliyetoka. Niliutengeneza mwenyewe uwe hivyo, ili mchezaji akilipita gari bovu njiani ajue mara moja. Nilijiambia kwamba maisha si gemu, kwamba mlango unaweza kujifunga, unaweza kufungwa na mtu baadaye. Nikakuza tena. Umefungwa. Nikawa sisikii tena mazungumzo ya chumbani, nasikia tu feni.

Mwenzangu alichukua simu mkononi mwangu, akaitazama, akairudisha imegeuzwa kifudifudi. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Kule kijijini wana simu kama sisi. Twende kabla hajaambiwa na mtu mwingine."

Alinipakia kwenye pikipiki yake. Safari ile siikumbuki vizuri, ila nakumbuka kwamba kila lori lililotokea mbele yetu nilifumba macho, na kwamba alisimama mara moja kando ya barabara, akashuka, akaniuliza kama nataka kutapika. Nikasema hapana. Nikatapika. Akanipa maji, akageukia upande wa pili akatazama vichaka mpaka nilipomaliza.

Tulimkuta mama uani, amekaa kwenye mkeka, anabangua karanga za mbegu. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mgeni naye akaamkia. "Marahaba na wewe, baba. Kaeni." Akaendelea kubangua. "Jirani amekuja asubuhi na simu yake. Mmechelewa."

Nikakaa chini pembeni yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Mama alipasua karanga nyingine, akatoa mbegu, akaziangalia kama zina ugonjwa, akazitupia kwenye ungo.

"Wewe ndiye unayetengeneza haya magari," alisema. "Mimi sikusoma. Nimeona jeusi tu. Niambie wewe, mwanangu. Mtu hutoka?"

Kama angeniuliza chochote kingine. Kama angeniuliza yuko hai, ningesema sijui, kama wanavyosema wote. Lakini aliniuliza jambo la kazi yangu, na kazi yangu ilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mlango uliofungwa.

Mwenzangu ndiye aliyejibu. "Hutoka, mama. Nyuma kuna mlango mpana sana. Hata watu wawili wanatoka kwa pamoja."

Mama akainua macho. "Wewe ni mwanajeshi?"

"Hapana, mama."

"Sasa umejuaje?"

"Kwa kazi yetu, mama. Tumelisoma lile gari."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, akarudi kwenye karanga. Mimi nikachukua moja nikaibana kati ya vidole, nikashindwa kuipasua. Mwenzangu alikuwa amesema kwa moyo safi. Picha aliitupia jicho tu, hakuuona mlango. Katika uwanja ule mzima mimi peke yangu ndiye niliyejua, na nilihisi kwamba nikipumua vibaya mama atajua.

Mwenzangu alirudi mjini alasiri. Mama alimfungia karanga kwenye mfuko, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi alisimama mbele yangu.

"Kijana yule ana moyo mzuri," alisema. "Lakini wewe hukusema kitu. Yeye alipozungumza nilipata nguvu, nikakutazama wewe, ndipo nikaogopa."

"Mama, mimi sijui."

"Unajua kitu."

"Sijui, mama."

Hakuendelea. Akachukua ufagio akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa asubuhi.

Tulikaa hivyo siku ile na iliyofuata. Majirani walikuja, wakakaa, wakaulizia habari za kuku na za kisima, wakaondoka bila kutaja lililowaleta. Mama alipokea kila mmoja vizuri. Nilimwona mara mbili amesimama nyuma ya nyumba amekumbatia mikono yake kama mwenye baridi, na jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwa nazunguka na simu nikitafuta mahali penye mtandao, nikiupata naogopa, nikiukosa naogopa. Kila ilipotikisika mfukoni nilikuwa nasubiri kidogo kabla ya kuitoa, kwa sababu wakati ule mfupi kabla sijasoma, kaka bado alikuwa hai. Mara nyingi ilikuwa wifi: bado. Mara nyingine matangazo ya mtandao wa simu.

Nilikuwa jikoni nasonga ugali, mlenda uko motoni, iliponiita namba nisiyoijua, ndefu, ya nje. Nilipokea na mwiko mkononi.

"Mdogo wangu!" Alikuwa anapiga kelele. "Mdogo wangu, ni mimi! Mimi mzima!"

"Kaka?"

"Ongea kwa nguvu! Masikio yanavuma, sikusikii!"

Nilikimbia uani nikampa mama simu, mama akaiweka sikioni kichwa chini, nikaigeuza. Alianza kuongea Kigogo, haraka, kwa sauti ya juu kuliko nilivyowahi kumsikia, anamtaja kwa jina lake la utotoni. Jirani aliyekuwa akipita njiani akasimama, akasikiliza, akapiga kigelegele. Mimi nilikaa chini pale pale mlangoni, mwiko umejaa ugali, na hofu haikutoka. Nilidhani itatoka. Nilisikia sauti yake, nikajua yuko hai, na mwili ukaendelea kutetemeka kama ambao haujapewa taarifa.

Kaka alirudi kabla ya wakati, kwa matibabu ya masikio. La kushoto halijapona hadi leo. Alikuwa amekonda, na alikuwa na tabia mpya ya kukaa akitazama mlango wa chumba. Alitusimulia siku ya tatu, nyumbani kwake, tukinywa chai ya jioni, tena kwa sababu mama alimwambia moja kwa moja, "Sasa sema."

Bomu lilikuwa ardhini, alisema. Lilipasuka chini ya gurudumu la mbele. Gari liliruka, likateremka kwenye mtaro, likakaa limeinua pua, nyuma imekandamizwa na ukingo wa udongo.

"Kishindo hukisikii," alisema. "Watu wanadhani unakisikia. Unasikia kimya, halafu moshi. Mimi nina mfuniko wangu juu ya kiti, nikatoka. Nikajua wenzangu watatokea nyuma kama tulivyozoezwa. Nikaenda nyuma. Mlango haufunguki, udongo umeukaba. Wako ndani wanausukuma. Nasikia kwa mikono, nikigusa chuma kinatikisika. Wanasukuma wote pamoja mlango ule ule, kwa sababu ndio waliozoea, na kuna giza na moshi, hakuna anayekumbuka kwamba juu kuna tundu."

"Ukafanyaje?" nikamwuliza.

"Nikapanda juu ya gari. Nikagonga na spana. Nikapiga kelele, juu, juu, njooni juu. Sijui kama walinisikia, mimi mwenyewe sikujisikia. Mwisho mfuniko ukasogea, nikaona mkono." Akamgeukia mama. "Wametoka wote. Mmoja mguu umevunjika. Wametoka wote, mama."

Mama alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na hakumwachia mpaka chai ikapoa.

Baadaye, mama alipokwenda kulala kidogo, nilimwonyesha kaka ile picha. Nilikuwa nimeitunza. Nilimwambia nilivyouona mlango umefungwa, na kwamba sasa naelewa kwa nini, ule ukingo wa udongo. Akaichukua simu, akaikuza kama nilivyoikuza mimi, akasogeza huku na huku.

"Hili siyo letu," alisema.

"Siyo lenu?"

"Siyo letu. Letu halikuungua, liliharibika gurudumu na tumbo tu. Na hili siyo hata aina yetu, tazama taa. Hii picha ya zamani, ya vita vingine huko mbali, mtu kaiokota akaituma." Akanirudishia. "Hukuona taa?"

Sikuwa nimeziona taa. Nililitazama tundu, nikalitazama tairi, nikautazama mlango, mimi ninayetengeneza magari, nikaona nilichokuwa nakiogopa. Lakini kilichonipata pale hakikuwa aibu. Nilitazama picha ile tena, na mara hii hapakuwa na kaka yangu ndani ya gari. Tundu lilikuwa pale pale. Mlango ulikuwa umefungwa vile vile. Kuna watu walikuwemo, mahali fulani, na kuna jiko fulani ambako simu ya kusema "mimi mzima" haikupigwa. Siku mbili nzima nilikuwa nimeuomboleza msiba wa watu wengine nikidhani ni wangu, na ulipothibitika si wangu, niliona watu wote wakifurahi, na mimi pia nilifurahi, na bado sijui nifanye nini na picha ile. Sijaifuta.

Kaka aliomba kuja ofisini. Alitaka kuona gari. Mwenzangu alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti chake mwenyewe, akamwekea toleo la watu, lile alilokuwa amelisawazisha: roketi ya kwanza gari linatikisika, ya pili linatoa moshi, ya tatu linawaka na waliomo wanapata muda wa kutoka. Na mtu akishuka akaligonga kwa spana, linapona. Kaka aliicheka sana spana hiyo.

"Hiyo ya kwenu inafanya kazi kuliko yangu!"

Aliendesha vizuri. Alikwepa mawe kwa mazoea, akapunguza mwendo kwenye kona ambazo hakuna mchezaji anayepunguza. Tukacheka naye. Kisha roketi ikatoka nyuma ya nyumba, ya pili ikafuata, na moshi ukaanza kujaa kwenye skrini. Kaka akakiachia kipanya cha kompyuta. Mikono aliiweka juu ya mapaja. Alikaa wima, anatazama moshi. Gari likawaka, likafa, mchezo ukamrudisha kijijini, mzima, kando ya gari jipya, ukimsubiri abonyeze. Hakubonyeza. Akasema "samahani kidogo," akatoka nje.

Nilitaka kumfuata, mwenzangu akanizuia kwa mkono, akaenda yeye. Kupitia dirishani niliwaona wamesimama barazani, vumbi linawapiga.

Tulizungumza mimi na mwenzangu kwa siku kadhaa baada ya hapo. Nilitengeneza mlango ambao mara moja moja unagoma, ikibidi mchezaji akumbuke mfuniko wa juu. Kwa uhalisia ulikuwa sahihi kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Watu waliutupilia mbali. Waliandika kwamba gemu limeharibika, kwamba wanabonyeza na hawatoki, kwamba wamekufa bure. Mmoja aliandika kwamba moyo ulimwenda mbio hadi akazima kompyuta, na hataki tena.

"Unasemaje, dada?" mwenzangu aliniuliza. Hakuniambia niuondoe.

Niliuondoa mwenyewe. Nilikuwa nimetaka wajue, na nilipomsoma yule mmoja nikaona kwamba sitaki. Mtu amekaa kwake, ametoka kazini, anatafuta saa moja ya kucheza. Kwa nini aogope ninachokiogopa mimi? Mlango ukarudi kuwa mpana, ukifunguka kila mara. Na ile nakala yangu ya gari lisilokufa nimeiacha ilipokuwa. Siifungui, lakini kuifuta nimeshindwa, mkono unakataa.

Kaka amerudi kambini, anafundisha madereva wapya. Juzi alikuja kula kwangu, na wakati naosha vyombo akasimama karibu yangu upande wa sikio lake zima, akasema kwamba kuna kikosi kingine kinaandaliwa, na wenye uzoefu ni wachache.

"Wamekutaja?"

"Bado. Usimwambie mama kwanza."

"Na wewe unataka kwenda?"

Alichukua kitambaa akafuta sahani, akaigeuza akafuta na upande wa pili. "Naogopa," alisema. "Lakini nikiwaza hao vijana wanausukuma ule mlango, na hakuna wa kuwagongea juu, ndiyo naogopa zaidi."

Mama hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Huniuliza kaka yako mzima? Namwambia mzima, mama, yupo, juzi alikula hapa, alimaliza mboga yote. Kila neno ni la kweli. Upande wa pili nasikia upepo wa Mvumi kwenye simu yake, na mimi nabana pumzi, nikijitahidi sauti yangu isimwambie chochote.